Siku Tatu za Yavor Chilingirov

Bi Vesela Karamihova aliandika kurasa mbili, na kwa kurasa hizo mbili mkurugenzi wake alimcheka mwaka mzima. Zilikuwa chini kabisa kwenye tovuti ya Jumba la Mafaili pale mjini Gabrovo, mahali ambapo wasomaji hawafiki. Zilisema kwamba mtu yeyote mwenye ujuzi wa kutafuta udhaifu kwenye kompyuta za wenzake anaruhusiwa kuujaribu mfumo wa jumba, ila kwa masharti. Ukiona mwanya, simama hapo hapo. Usisome faili lisilo lako, usinakili, usimwambie mwingine mpaka tuzibe. Utuandikie bila kuchelewa, utueleze kila ulichofanya. Ukiyashika hayo, nasi hatutakushtaki, na tutakushukuru kwa jina lako.

Mkurugenzi, Bwana Dobromir Bakalov, alisema huko ni kumkabidhi fisi bucha. Vesela alimjibu kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukapita mwaka, na mgeni hakuja.

Alikuja Novemba, kwa barua pepe, na jina lake lilikuwa Yavor Chilingirov. Kazi yake ni hiyo hiyo ya kukagua mifumo ya makampuni kabla wezi hawajaikagua. Aliandika kwamba alikuwa na ruhusa ya kusoma faili la babu yake kupitia mtandao. Alipolifungua aliona namba ya faili mwishoni mwa anwani, juu ya ukurasa. Akabadilisha tarakimu moja. Likafunguka faili la mtu mwingine, bila kuulizwa yeye ni nani. Aliona jalada tu, akafunga. Kisha akamalizia hivi: "Niliuona mwanya huu Alhamisi asubuhi. Leo ni Jumapili. Mwongozo wenu unasema bila kuchelewa, nami nimechelewa siku tatu. Sababu ni yangu, si ya mfumo wenu."

Vesela alijaribu mwenyewe Jumatatu asubuhi, hata koti hajavua. Likafunguka. Akajaribu namba nyingine, likafunguka. Mle ndani mlikuwa mafaili yote ya polisi wa siri wa serikali ya zamani ya kikomunisti kwa wilaya ile: nani alimchongea nani, lini, na kwa jina gani la kujificha. Watu hao bado wanakutana kwenye foleni ya mkate. Alizima chumba cha kusomea cha mtandaoni saa ile ile, akakaa kitini akiona haya. Mjenzi wa tovuti alikuwa ametaka kuweka kufuli kwa kila faili, Bakalov akasema kufuli moja getini linatosha, na yeye Vesela hakubisha sana. Naye ni mtu wa Gabrovo, mji unaosifika kwa ubahili. Wazee wao ndio waliokata mikia ya paka ili wakati wa baridi mlango ufungwe upesi, moto usipotee.

"Mikia tumekata," alimwambia mkurugenzi, "ila mlango tumeusahau wazi."

Bakalov hakucheka. Alikuwa ameganda kwenye jina. Alifungua daftari la maombi, akamwonyesha kwa kidole: Tsvetana Chilingirova, mjane, anaomba kusoma faili la marehemu mumewe Hristo. Alikuwa anasubiri mwaka wa nne. Namba ya faili iliandikwa kwenye stakabadhi ambayo mama huyo anayo nyumbani, na Yavor ni mwanawe.

Habari ya Hristo Chilingirov hakuna asiyeijua Gabrovo. Mwaka wa themanini na nne, fundi huyo wa kiwanda cha nguo alisema maneno mawili matatu juu ya wakubwa, nyumbani kwake, akila. Kesho yake alichukuliwa. Alirudi baada ya miaka miwili, mtu mpole asiyesema, mpaka akafa. Tangu hapo, kila mwaka siku ya kifo chake, mkewe hubandika tangazo la kumbukumbu mlangoni na kwenye nguzo za mtaa, kama wafanyavyo wote. Lakini chini ya picha, pale wengine wanapoandika "Tunakukumbuka", Bibi Tsvetana huandika: "Mezani tulikuwa sita." Mtoto wao alikuwa kalala; ukitoa mume na mke, wanabaki wanne wa kushukiwa: shemeji mmoja, dada mmoja na majirani wawili. Wote wako hai, na wote hupita njia hiyo.

"Siku tatu, Vesela," alisema Bakalov. "Mtu amelilia nyumba miaka arobaini. Leo anaokota ufunguo wake. Halafu akae nje siku tatu anaangalia? Wewe ungekaa?"

"Nisingekaa," alisema Vesela, maana uongo haukuwa kawaida yake.

"Basi kashasoma. Na kama kashasoma, ahadi yako haimkingi. Napiga simu polisi."

Vesela alimwomba asubiri hadi saa sita mchana. Alimkumbusha kwamba ahadi ni deni, na ahadi ile ilitolewa kwa jina la jumba zima, si lake peke yake. Kama Yavor ameivunja, yeye mwenyewe ndiye atakayepiga simu. Kama hakuivunja na bado wakamfunga, hakuna mtu mwenye akili atakayewaambia tena lolote, na mwanya ujao watauonyeshwa na wezi.

Akarudi mezani kwake akafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila mlango unaoguswa huacha alama. Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na mbili: faili la babu. Dakika mbili baadaye: faili linalofuata kwa namba, limefunguliwa kwa sekunde nne. Kisha hakuna kitu. Ijumaa hakuna, Jumamosi hakuna. Akatafuta namba ya faili la Hristo, kutoka kompyuta yoyote, kwa mtu yeyote, tangu siku tovuti ilipozinduliwa. Halikuguswa hata mara moja. Alirudia. Alikwenda kutengeneza kahawa, akarudia mara ya tatu, na tuseme kweli, kuna kipande cha moyo wake kilichotaka kuikuta namba ile. Mtu mwenye kujizuia kiasi hicho ni mzigo kwa sisi wengine. Hakuikuta. Vesela aliiweka kahawa chini akalia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, saa tano ya mchana.

Bakalov alikuja kusoma mwenyewe, miwani puani. Alisoma mpaka mwisho, akaanza upya.

"Mwite," alisema. "Si polisi. Mwite yeye."

Yavor alifika baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mtu mfupi wa miaka arobaini na mitano, na mkononi ameshika maandazi ya jibini kwenye karatasi.

"Mama kayahesabu," alisema. "Ni mawili. Moja moja. Mimi nimeshakula nyumbani."

Hapo Bakalov alitabasamu, maana alimtambua mtu wa kwao. Lakini swali lake hakuliacha. Aliuliza siku zile tatu zilikwenda wapi.

Yavor aliweka maandazi mezani. Alisema kwamba Alhamisi ile ile aliiandika namba ya baba yake kwenye kompyuta, yote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Akainuka akaenda kumpasulia mama kuni. Ijumaa akasafisha ghala ambalo halijasafishwa tangu baba afe. Jumamosi akarekebisha paa. Kila akirudi ndani, namba iko pale pale, imebaki tarakimu moja. Jumapili aliifuta, akawaandikia.

"Nani angejua?" aliuliza Bakalov, na safari hii hakuwa anamtega. Alitaka kujua.

"Waliomfunga baba walikuwa watu wa kufungua mambo ya wenzao bila ruhusa, mzee. Nije na mimi nimfungue hivyo hivyo?" Akajifuta viganja kwenye suruali. "Halafu ombi si langu. Ni la mama."

Bakalov alisimama, akasema faili liko ghorofa ya chini, anaweza kulileta sasa hivi, kwa mkono wake, na hakuna atakayemlaumu. Yavor aliutazama mlango wa ngazi.

"Wako wangapi mbele ya mama kwenye foleni?"

"Thelathini na mmoja."

"Na wao wanasubiri. Yeye ni wa thelathini na mbili."

Alipoondoka, Bakalov alikula andazi lake lote. Kisha alimuuliza Vesela kwa nini foleni inachukua miaka, naye akamwambia bila kumung'unya: kwa sababu mkurugenzi, kwa kubana matumizi, ameweka msomaji mmoja wa kutayarisha mafaili, siku mbili kwa wiki. Jumatano yake Bakalov aliteremka ghorofa ya chini na miwani yake, akakaa kiti cha pili. Alikaa hapo majira yote ya baridi. Mafaili yalipata kufuli, kila moja na lake, na chini ya zile kurasa mbili likawekwa jina moja la kushukuriwa.

Zamu ya Bibi Tsvetana ilifika Aprili, kwa haki yake. Aliingia peke yake. Yavor alikaa nje kwenye benchi pamoja na Vesela, saa mbili nzima, akiangalia viatu vyake. Mama alipotoka, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimenyooka kama alipoingia.

"Twende, mwanangu. Nimeacha maharage jikoni."

Yavor alimshika mkono wakaenda. Hakumuuliza.

Mwezi wa Juni, siku ya kumbukumbu ya Hristo, Vesela alipita mtaa ule makusudi. Alimkuta Yavor na brashi ya gundi, anabandika tangazo mlangoni. Picha ni ile ile. Lakini chini yake hakukuwa na meza wala watu sita. Pameandikwa: "Tunakukumbuka."

"Amekuambia ni nani?" Vesela aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajaniambia."

Kizingitini palikuwa na sahani nne za ngano iliyochemshwa, zimemwagiwa sukari, kama zinavyogawiwa kwa kumbukumbu ya marehemu. Miaka yote Bibi Tsvetana alizigawa mtaani, ila nyumba za wale wanne wa mezani alizipita.

"Kaniambia niwapelekee wote wanne," alisema Yavor. "Na nisiwaangalie usoni, nisije nikamtambua."

Akaweka brashi chini, akanyanyua sahani mbili, akaanza na nyumba ya jirani.