Cheti cha Léonie

Jumamosi, saa moja asubuhi, Mujinga alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, kitambaa chenye maji puani. Alilala hivyo tangu kiangazi kiingie mtaani Kamalondo. Vumbi lilimfunga pumzi, na manyoya ya kuku pia. Alinyunyiza maji kabla ya kufagia, na mto wake ulikuwa wa matambara. Majirani walisikia kifua chake kikipiga filimbi, wakasema ni kifua kikuu, wakaacha hata kumwazima kikombe. Mume alishazikwa. Ndugu walikuwa mbali, Kasai. Upweke ulimuuma kuliko pumu yenyewe.

Na Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya serikali: kila raia na ufagio wake barabarani. Kwake hicho ni kifo. Afadhali alikuwa na cheti cha daktari: ana pumu, asikaribie vumbi.

Alikipeleka kwa mkubwa wa mtaa, Mwansa, bwana mwenye koti lililonyooshwa kwa pasi na akili isiyonyooshwa kwa chochote. Mwansa akasoma, akarudia, akamwita “raia” kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyenne, huyu Léonie ni nani?"

"Ni miye, chef. Njo jina yangu ya ubatizo."

"Majina ya bazungu ilishakatazwa. Mu Zaïre hakuna muntu anaitwa Léonie. Muntu mwenye haiko, atagonjwa namna gani?"

Watu wakacheka. Mujinga, kwa Waluba, ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzinga shingoni. Mwansa alilitamka jina hilo kama tusi. Akamwambia achague: afagie kama Mujinga, au afungwe kama Léonie.

Akafagia. Hata mita thelathini hakumaliza, kifua kikafunga kabisa, midomo ikawa ya majivu. Wanawake wawili walimkokota hadi zahanati, wakamwacha mlangoni, wakaenda kunawa mikono.

Muuguzi akatazama kitambulisho, akatafuta faili la Mujinga. Hakuna. La Léonie lilikuwepo, nene, miaka sita ya sindano na vidonge, lakini amri ni amri: alilitupa kwenye boksi la karatasi za kuchomwa. Akachukua kadi safi, akaandika: Mujinga. Magonjwa ya zamani: hakuna.

"Bagonjwa bapya banangojea inje, mama."

Nje, uani, salongo ya wafanyakazi wa zahanati ilikuwa imepamba moto. Mujinga akakaa kwenye foleni, wa kumi na saba, akaziba pua kwa kitenge. Mfagiaji mmoja, kwa heshima zote, akamwomba ainue miguu.