Wageni Wasimame

Mimi Njuguna ni mzee wa kanisa hapa Mutuini, na nitasema mapema kwamba mchungaji Everlyn alinikera tangu siku ya kwanza. Alitumwa kwetu akiwa na barua ya wakuu wa kanisa: Disemba ikitukuta bado tunakaa watu wawili wawili kwenye benchi la watu wanane, kanisa litafungwa na sisi twende kuabudu kwingine. Baba yangu aliyabeba mawe ya ukuta ule mgongoni. Nilitaka mchungaji aniambie jinsi ya kuliokoa. Yeye akaniuliza ni akina nani wanaokaa kwenye ploti za ng'ambo ya barabara.

"Ni wapangaji," nikamjibu.

"Wapangaji wako na majina, mzee."



Alitaka pia ibada iwe ya Kiswahili. Hapo nilikataa katakata. Ibada yetu ni ya Kikuyu tangu enzi za baba. Kiswahili chetu ni cha kukaribisha wageni tu, na kazi hiyo ni yangu. Kila Jumapili husimama mbele nikauliza, "Tuko na wageni? Wasimame watuambie jina na wametoka wapi." Wakisimama tunawapigia makofi, tunawaimbia, yanaisha.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu aliyekaa karibu na mlango. Nikiuliza wageni, macho yangu yalimwendea yeye, naye alisimama, akataja jina kwa Kiswahili, tukampigia makofi. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Sikuwahi kujiuliza huyu ni mgeni gani asiyeisha kuja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wanavyosema watu. Sisi tulimpa makofi tu.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa bado nzito, nilimwona tena baada ya kumkosa Jumapili mbili. Nikafurahi, kusema kweli.

"Mgeni wetu amerudi! Simama, mama, tuambie jina na umetoka wapi."

Akasimama polepole. "Naitwa Peres Awiti. Natoka hapo tu, ng'ambo ya barabara. Nimekuja hii kanisa miaka mbili. Hizi wiki mbili nilikuwa Ugunja. Nilienda kuzika bwanangu."

Kwaya ilikuwa imeshaanza kupiga makofi. Yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja huko nyuma, halafu naye akaacha.

Ndipo nilipokumbuka. Kabla ya hizo wiki mbili, jioni tano mfululizo, watu walikuwa wamejibana chini ya turubai kando ya lango letu, mvua ikiwanyeshea, wakiimba. Nilidhani ni chama cha akiba, kumbe yalikuwa matanga ya bwanake. Nilitoka na mwavuli nikawaambia wasizibe lango. Ukumbi wetu ulikuwa mkavu, viti vimepangwa, ufunguo mfukoni mwangu. Na mke wangu Waringa alipofariki, kanisa hili hili lilinijia na masufuria na kwaya, hata sikuwasha moto nyumbani kwa wiki nzima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Baada ya ibada nilivuka barabara na Everlyn. Majirani walikuwa wamejaa chumbani kwa Peres, wengine juu ya kitanda, wengine juu ya mitungi ya maji. Waliponiona wakatazamana.

"Mama Peres," nikasema, "ni mimi niliwafukuza pale langoni."

"Najua. Kaa, mzee. Kuna chai."

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikatoa ufunguo wa ukumbi nikamwekea mkononi, nikamwambia ukae hapo kwake, na mwingine akifiwa, au watoto wakikosa pa kusomea, wafungue bila kutuuliza. Everlyn alinisogezea sukari.

Kisha Peres akaniomba niwaombee. Kwa mazoea nikaanza kwa Kikuyu. Niliomba vizuri, kama ninavyoomba siku zote, na hakuna aliyeitikia hata mara moja. Nikafungua jicho moja. Walikuwa wameinamisha vichwa kwa heshima, wakingoja nimalize.

Nikaanza upya kwa Kiswahili changu cha matangazo. "Mungu, hawa ni majirani zetu. Hatukuwajua. Tusamehe."

"Amina," wakasema.

"Mfariji huyu mama. Mpokee bwanake..."

Nikakwama. Nikafungua macho yote mawili.

"Mama, aliitwa nani?"

"Fidel Were," akasema, machozi yakimtoka. "Ni yeye alitengeneza hiyo tangi ya maji ya kanisa."

Nilimkumbuka. Siku tatu nzima nilisimama chini ya ngazi yake nikimwelekeza, na siku zote tatu nilimwita fundi.