Mtu wa Ishirini

Mwaka wa 1978 chuo kilimtaka kila mwanafunzi wa saikolojia afanye jaribio lake kabla ya kumaliza, na mimi, kwa ujuaji wangu, nilichagua la rangi. Karatasi ya kwanza ilikuwa na vidoti vya rangi nne. Unazitaja mpaka mwisho huku saa inakimbia. Karatasi ya pili ilikuwa na maneno: ROUGE, yaani nyekundu, kwa wino wa kijani, BLEU, yaani bluu, kwa wino wa manjano, hivyo hivyo mistari kumi. Hapo pia unataja rangi ya wino tu. Kazi ya mtoto, utasema. Basi jaribu. Anayejua kusoma, jicho lake linasoma hata ukilikataza, ulimi unajikwaa na sekunde zinakaribia mara mbili.

Profesa wangu, Citoyen Mushagalusa, mwananchi kama tulivyolazimika kuitana enzi zile, alitaka watu wazima ishirini wanaojua kusoma, si kumi na tisa. Nilizunguka mtaa wetu wa Cimpunda wote na saa ya kuazima shingoni. Watu walinikimbia wakidhani ninaorodhesha majina ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mitaa.

Wa kumi na tisa alikuwa jirani yetu, Maman Martine. Alimaliza karatasi ya pili kwa sekunde sabini na nane, akaapa kwamba wino wangu una pepo. Mama yangu, Maman Godelive, alikuwa mlangoni akimcheka.

“Toka hapo, mi nifanye,” alisema.

Mama aliuza nyuzi za kufumia katika soko la Kadutu, kwa hiyo rangi zilikuwa kazi yake. Karatasi ya kwanza: sekunde arobaini na moja. Ya pili: arobaini na moja. Hakusita hata mara moja.

“Godelive, uko na kichwa ya profesa,” Maman Martine alisema, na kabla ya chakula cha jioni mtaa wote ulikuwa umepata habari.

Mimi nilibaki nimeishika ile saa. Nilijua maana ya namba zile. Mama hakuona neno lolote kwenye karatasi yangu, aliona rangi tu.

Kwanza nilikasirika, nasema kweli. Miaka sita ya shule ya msingi mama huyu alikagua daftari langu kila jioni, akipitisha kidole mstari kwa mstari, na kila kosa lilikuwa na kiboko chake. Kumbe alikuwa anahesabu wino mwekundu wa mwalimu. Nilichapwa na mtu asiyejua nimekosa nini. Kisha nikaona aibu, maana miaka yote hiyo nilikaa naye meza moja, mimi msomi, na sikugundua kitu.

Asubuhi, tukibeba nyuzi kwenda sokoni, nilianza taratibu.

“Maman, nitatafuta mutu mwingine wa ishirini.”

Alihamishia mzigo wake bega la pili. “Uliona.”

“Niliona.”

“Martine aliona?”

“Hapana. Anafikiri ulimushinda.”

“Na mu kitabu yako utaandika nini?”

“Sitaandika kitu. Nitakutoa tu.”

“Usinitoe,” alisema. “Mi nilikuzaa, mi nilikutuma ku masomo, halafu mi njo nibakie inje ya kitabu yako? Utaipeleka ku chuo wakati gani?”

“Mwezi wa saba.”

“Basi iko miezi tatu. Unifundishe. Na Martine asijue.”

Tulianza siku ile ile, nyuma ya meza yake, kati ya mteja na mteja. Mwanafunzi mkaidi kama yule sijamwona tena. Alizigombeza herufi kama wateja wanaopapasa nyuzi bila kununua. Mwezi wa pili wa masomo yetu alisoma kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, akakirudia kwa sauti mpaka mwenye duka akatoka kuuliza ana shida gani naye. Mimi nilijificha chini ya meza kwa kucheka.

Juma moja kabla ya kupeleka kazi chuoni, alidai apimwe tena. Nilimpa karatasi mpya, asije akawa amezikariri zile za kwanza. Vidoti alivimaliza kwa arobaini na moja, kama kawaida yake. Ya pili aliianza mbio, “vert, jaune,” kijani na manjano bila kosa, kisha akasema “rouge” mbele ya wino wa bluu. Alisimama, akarudi nyuma, akakosea tena. Akafumba jicho moja. Akapiga meza kwa kiganja. Saa ikapita sitini, ikapita sabini, na alipofika mwisho jasho lilikuwa linamtoka.

“Karatasi yako imeharibika,” alisema kwa hasira. “Mara ya mbele sikukuwa hivi. Maneno inanikataza kuona rangi.”

Nilikuwa nalia kwa furaha, kalamu mkononi, nikiandika themanini na tatu mbele ya mtu wa ishirini, matokeo mabaya kuliko hata ya Maman Martine.