Filimbi Iliyotuliza Simba

Kisa hiki ni kweli tupu, hakijatiwa hata punje ya chumvi. Anayebisha na aende Makongeni, kwenye nyumba za reli, amuulize Mama Phelister. Na likipatikana neno moja la uongo humu, filimbi na ipulizwe.

Mzee Zedekiah alikuwa mstaafu wa reli, na kama wastaafu wengi wa reli alikuwa na kiti chake, redio yake na safari zake. Safari ndizo zilizomponza. Jumapili moja ya Julai, bintiye Jacklyne na mumewe Mutunga walikuja kutoka Donholm na mtoto wao Ndindi, msichana wa miaka tisa, wakaketi sebuleni kupanga likizo ya Agosti. Walikuwa wanakwenda mbuga ya Tsavo Mashariki, siku tatu, na babu alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nani aende Tsavo amwache nyuma mtu aliyewahi kulala Tsavo?

Maana hiyo ndiyo hadithi aliyomlea nayo mjukuu. Zamani, kabla Jacklyne hajazaliwa, alikuwa gadi wa treni ya mizigo. Injini ikazimika karibu na Mtito Andei, akalinda mabehewa ya sukari siku thelathini, peke yake. Wakaja simba saba. Akatoa filimbi mfukoni, akaipuliza mara moja, na simba wale wakalala chali kama watoto wa mbwa. Kufika siku ya kumi walikuwa wanamletea kuni. Filimbi yenyewe ilikuwepo, ya shaba, imetundikwa msumarini juu ya redio, na kila mara mzee alimalizia kwa kiapo: nikisema uongo, Ndindi, filimbi hii ni yako.

Ukweli aliujua Phelister mkewe peke yake. Zedekiah alianza kazi nyuma ya dirisha la tiketi, stesheni ya Makadara, na akastaafia nyuma ya dirisha lile lile. Tiketi za Voi alikata maelfu. Yeye mwenyewe, upande ule wa Mombasa, hakuwahi kuvuka Athi River. Aliyelala na simba ni rafiki yake Ooko, gadi kwelikweli, aliyemwachia filimbi alipokwenda nyumbani kuzeekea.

Kwa hiyo wakati wengine wanazungumzia darubini na viatu, mzee alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Akauona pale Mutunga aliposema kwamba malazi yaliyobaki mbugani ni nyumba moja tu ya vyumba viwili. Zedekiah akavuta uso wa huzuni. Akaeleza kwamba angependa sana, lakini Mjaluo halali chini ya paa moja na mume wa bintiye, mila ni mila, basi yeye na nyanya watabaki kulinda nyumba.

Mutunga ni Mkamba mwenye adabu, karani wa ofisi, na mila za wakwe zake alikuwa amezisoma kuliko wakwe wenyewe.

"Hilo nililiwaza, Baba," akasema. "Kuna uwanja wa mahema hatua chache kutoka kwa hiyo nyumba. Utakuwa na tenti yako. Paa lako mwenyewe."

Mzee akauliza kama uwanja huo una ua. Mutunga akamjibu kwa furaha kwamba hauna, wanyama wanajipitia tu, na hiyo ndiyo raha yake.

Phelister alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. "Mwacheni aende," akasema. "Nyumba nitailinda mimi. Huko ni kwao."

Zedekiah akalitaja goti lake la kushoto. Jacklyne akasema watabeba godoro. Akaitaja baridi ya alfajiri. Blanketi mbili, Baba. Akaitaja dawa ya presha, na kabla hajamaliza, dawa ikawa imeandikwa kwenye orodha. Kila shimo alilochimba walilifukia kwa upendo. Mutunga alikuwa ameshika simu, anajaza fomu. Ilitakiwa kutumwa kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Ndani ya tenti niandike watu wangapi?" Mutunga akauliza.

"Wawili," akasema Ndindi. "Mimi nalala na kwara." Ndivyo alivyomwita babu yake, kwa Kijaluo.

Jacklyne akamtazama mumewe. Yeye ndiye yule mama asiyemruhusu mtoto avuke barabara ya Donholm bila kushikwa mkono. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kama ni na Baba, mimi sina wasiwasi."

Maneno hayo yalimwingia mzee mahali ambapo mkuki usingefika.

Ndindi alikuwa ameshapanda kiti na kuishusha filimbi. Akaijaribu, akaipuliza kwa mapafu yote mawili, hata paka aliyekuwa amelala chini ya meza akaruka akaning'inia kwenye pazia. Kisha akatoa mchoro aliouchora shuleni, akaulaza kwenye magoti ya babu yake. Palikuwa na hema. Palikuwa na simba saba, chali. Na nje ya hema, peke yake, msichana mdogo mwenye filimbi mdomoni.

"Wewe utakuwa umechoka, kwara, wewe lala tu," akamweleza. "Nikiwasikia wananguruma, mimi ndiye nitafungua zipu nitoke. Nawapulizia, wanalala, halafu nawashika masikio."

Zedekiah akaangalia mchoro. Akaangalia saa ya ukutani: dakika nne. Akamwangalia Phelister, akakuta Phelister amekwisha kumwangalia zamani. Kidole gumba cha Mutunga kilikuwa kinashuka.

"Mutunga, ngoja," akasema. "Sijawahi kulala Tsavo."

Kidole cha Mutunga kikasimama hewani.

"Wala kupita," akaongeza.

Akayatoa yote. Dirisha la tiketi, Ooko, siku tatu badala ya thelathini, na Ooko amejifungia ndani ya behewa akimwita mama yake.

"Lakini alipuliza?" Ndindi akauliza.

"Alipuliza. Wakaongezeka."

Mtoto akaukunja mchoro mara mbili, polepole, bila kumtazama mtu. Mzee angelipa chochote amwone analia, kuliko kule kukunja.

"Na ile ya kuni?" akauliza hatimaye.

"Hiyo niliitunga mimi."

"Ilikuwa nzuri," akasema, na filimbi akaitia mfukoni mwake. Kiapo ni kiapo.

Mutunga akafuta hema kwenye fomu na kuituma zikiwa zimebaki sekunde. Phelister akaamua kwamba mzee atalala Voi mjini, kwenye gesti yenye ukuta na soja mlangoni, na asubuhi watamfuata. Mzee aliwapeleka wengi Voi kwa tiketi. Naye aende akaione.

Tangu siku hiyo kuna sheria. Ndindi akisikia uongo anapuliza filimbi, na filimbi ikilia, kwara anaosha vyombo vya nyumba nzima. Leo Ndindi amesomewa kisa hiki tangu mwanzo. Akasikiliza kwa utulivu, mguu juu ya mguu, mpaka pale kwenye paka.

Filimbi imelia.

Sawa. Nyumba hii haijawahi kufuga paka. Mzee Zedekiah amekwisha kukunja mikono ya shati, sufuria ya ugali imeganda, na kwa kuwa kalamu haishikiki kwa vidole vyenye sabuni, kisa kinakomea hapa.