Kaseti za Feruzi wa Sud

Watu wa Kinshasa walisema rap ni yao, wa kusini wabaki na mihogo. Feruzi, mtoto wa Rehema muuza chumvi wa soko la Kamina, akaudhika, akajiita Feruzi wa Sud, yaani wa kusini, akatoa albamu yake ya kwanza kwa kaseti.

Haikuwa rap ya kulia njaa. Ilikuwa rap ya kiuno. Ikipigwa kwenye nganda ya Marthe, pale watu wanywapo pombe, hata wajane walisahau kwa nini wamevaa nyeusi.

Umeme wa kurekodia ulitoka kwenye jenereta ya Komanda Mputu wa base, kambi ya jeshi. Na huku, mtu akikusaidia, unamtupia jina lake ndani ya wimbo. Asipotajwa atanuna mpaka kaburini. Basi kila wimbo Feruzi alipaza sauti: "Komanda Mputu, nguzo ya Kamina!"

Mwaka wa tisini na nane vita vikawaka upya, nguzo ikang'oka. Komanda Mputu alivuka kwa waasi, yeye na jenereta yake.

Rehema aliposikia, alifunga meza yake ya chumvi. Mwasi anasifiwa kila baa, tena kwa sauti ya mwanawe!

"Feruzi, tunakusanya zile kaseti. Zote."

"Mama, roho yangu yote iko mule!"

"Roho iende. Miye nitabakia na mwili."

Akapita baa kwa baa, mtandio kichwani. Marthe alimpokea kwa kicheko: "Mama Rehema ku nganda! Leo dunia inaisha. Nikuletee ya baridi?"

"Leta kaseti, na ufunge kinywa."

Kuzichoma alishindwa. Akampa Malachie, kiongozi wa kwaya, ambaye waimbaji wake walikuwa wanakimbia vita mmoja mmoja, naye alitaka kuwarekodi kabla hawajaisha. Nyimbo za Mungu zikarekodiwa juu ya zile za kiuno. Rehema, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, alicheka peke yake: askari gani atatafuta uasi mule?

Kisha komanda mpya akafika kwa Marthe, akaomba ule muziki unaotikisa Kamina.

"Kaseti hakuna, shefu," Marthe akasema. "Mule mulikuwa na jina la mwasi."

"Jina?" Komanda alicheka sana. "Jina linatoka, ingine inaingia. Nilitaka basoda bangu, haba askari, bacheze kule ku vita. Kaseti hakuna? Basi tutabeba mwimbaji mwenyewe."

Rehema alimkuta mwanawe juu ya lori, amekalia sanduku la risasi.

"Mama, haukubakisha hata moja?"

Hata moja. Kaseti moja tu ingepanda lile lori mahali pake.

Lori lilirudi. Feruzi hakurudi, wala hakuna aliyekuja kueleza.

Siku hizi kila Jumapili Rehema anakaa karibu na mlango wa kanisa. Malachie anafurahi, amekwisha kumchagulia jina la ubatizo. Kwaya haina watu tena, kwa hiyo anawasha kaseti. Rehema anangoja iishe. Nyimbo za Mungu ni fupi kuliko kaseti, na mikono ya Malachie ni mizito kuzima. Ndipo mwanawe anatoka, mzima, anapaza sauti:

"Komanda Mputu, nguzo ya—"

Malachie anazima.