Kamera Isiyo na Negativi

Kitu kilibingirika sakafuni gizani, kikagonga mguu wa kabati, kikatulia. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na Paskalina alikuwa bado anapapasa mezani akitafuta kibiriti, lakini hakuwa na haja ya kuona. Sauti ile alikwisha kuizoea. Ilikuwa betri.

"Stumai, umeshika kamera?"

"Sijashika kamera, mama. Nimeshika betri."

"Na betri ilikuwa wapi?"

Mtoto akafikiri. "Kwenye kamera."

Siku nyingine angecheka. Jioni ile aliwasha koroboi, akapiga magoti, akaiokota betri chini ya kabati na kuifuta kwa upindo wa khanga. Kamera yenyewe ilikuwa kitandani, ya rangi ya fedha, ndogo, haizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kesho asubuhi ilitakiwa irudi ofisini, naye aseme uzuri wake na ubaya wake. Na kesho hiyohiyo jirani yake Kija angerudi kutoka shambani kumalizia matanga ya mama yake, na neno lake la kwanza lingekuwa: picha iko wapi?

Picha haikuwepo. Paskalina ndiye aliyeifuta.

Kamera ilikuwa mali ya mradi wa mbegu za mpunga. Paskalina aliingia pale kama mfagiaji na mpika chai. Baada ya yeye kuanza masomo ya jioni, mkubwa wao, Bwana Ponsiano, alimkuta siku moja anasoma maandishi ya Kiingereza kwenye gunia la mbegu, midomo ikicheza, akamhamishia kwenye kazi ya kuandika majina ya mbegu kwenye pakiti. Mwaka ule, uliofuata mvua za Elinino, mgeni kutoka Ulaya akaacha kamera ya aina mpya, isiyotumia filamu.

"Anataka kujua kama itafaa kwenye bonde kama letu, lenye jua na matope," Bwana Ponsiano alimwambia. "Sisi wazee tutaiogopa bure. Kaa nayo wewe. Piga mpunga, piga watu, piga hata kuku. Halafu utuambie. Ikifaa zitaletwa nyingine, na wewe ndiye utakayezunguka nayo vijijini, Mbingu mpaka Malinyi."

Paskalina alirudi nyumbani siku ile bila kuiona barabara. Yeye, binti wa muuza ndizi wa Sanje, azunguke na kamera begani!

Wa kwanza kutaka kupigwa alikuwa Bibi Milembe, mama yake Kija. Kija na mumewe walihamia Ifakara na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na mama mtu alipoanza kuvimba miguu wakamfuata na kumleta akae karibu na hospitali. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Kija alipakia sufuria na blanketi kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavuka mto kwenda kukaa dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambako watu hulala shambani wakifukuza ndege. Alimwacha mama yake mikononi mwa Paskalina.

"Mama Stumai, nisipokaa dungu ndege watatuachia mabua matupu," alisema, na macho hayakutulia. "Nitarudi tukishavuna tu. Uji asikose."

Uji haukukosekana. Kila asubuhi Paskalina alivuka ua na bakuli, Stumai nyuma yake, na bibi aliwalazimisha wote wawili waamkie kwa Kisukuma kabla ya kupokea kitu. Alipoiona kamera alicheka.

"Ka-sabuni haka ndiko kanapiga picha? Haya, nipige. Nipige Kija akirudi anione nilivyonenepa kwa uji wako."

Akakalishwa kwenye kigoda mlangoni, kilemba cheupe kichwani. Paskalina akabonyeza. Kamera hiyo ilikuwa na tabia mbaya: ukibonyeza haitii papo hapo. Hujishauri kwanza, kama mtu aliyeitwa kutoka usingizini, ndipo ipige. Katika kujishauri kule, kengele ya ng'ombe ikalia barabarani, mkokoteni ukapita, na bibi akageuza kichwa. Picha ilipotokea kwenye kioo cha nyuma, palionekana kilemba, shavu na ukosi wa shingo.

"Umegeuka, bibi! Hebu turudie."

"Acha, nimechoka. Hiyohiyo. Mtu wangu atalijua hata sikio langu."

Stumai alikuwa amening'inia mkononi mwa mama yake, anatazama kioo bila kupepesa.

Haikupita wiki, watoto wa chekechea wa kanisani wakacheza ngoma mbele ya wazazi. Stumai alivaa gauni la njano ambalo Paskalina alilishona kwa mkono wakati wa usiku baada ya masomo. Akaingia uwanjani akizungusha kiuno kama mwali, watu wakapiga vigelegele, na Paskalina akainua kamera. Kamera ikagoma. Imejaa, ilisema kwa Kiingereza, afute mojawapo? Ngoma inaendelea, mtoto yuko katikati, jua kali, kioo hakionekani vizuri. Akafunika kwa kiganja, akazipitisha picha haraka. Mpunga ni wa kazi. Mpunga. Mpunga. Kisha ile mbovu, ya mtu aliyegeuka.

Akafuta. Wala hakuona kama ametenda jambo. Alikuwa na hakika kuwa kinachofutwa ni kile cha kwenye kioo tu, kama mwalimu anavyofuta ubao huku somo likibaki kwenye madaftari. Kila mtu Ifakara alijua kuwa picha haifi. Stanislaus wa studio alitunza negativi za mji mzima, vile vipande vya filamu vya kusafishia picha, kwenye bahasha za kaki. Baba yake Paskalina alipokuwa amekwisha kuzikwa miaka mingi, Stanislaus alifukua negativi yake na kumsafishia Paskalina picha mpya, baba na tai yake na nywele zilizochanwa upande mmoja. Kamera ya Ulaya, yenye akili kuliko ya Stanislaus, ingekosaje negativi? Lazima zilikuwa huko ndani, tumboni mwake.

Kwa hiyo Bibi Milembe alipozidiwa na kufariki kabla ya mavuno, na Kija akafika na tope magotini akakuta mama yake amekwisha kuvalishwa sanda, Paskalina alimkumbatia na kumwambia, mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani:

"Usilie hivyo, mama Masanja. Sura yake ninayo. Nilimpiga. Nitakusafishia picha uiweke hapa siku ya kumaliza matanga."

Kija alinyamaza kulia. Alinyamaza kabisa, kama mtoto aliyepewa ziwa. "Kweli? Mimi sina picha yake hata moja. Ndugu zangu wa Shinyanga hawakuwahi mazishi. Watakuja siku hiyo. Kweli unayo?"

"Ninayo."

Siku iliyofuata alimpelekea kamera Omega, kijana wa kompyuta pale ofisini. "Nitolee negativi ya yule bibi mwenye kilemba."

Omega alicheka mpaka akashika meza. "Dada Paskalina, negativi? Hii si ya Stanislaus! Ukifuta, umefuta. Imekwenda." Halafu akamwona uso, akaacha kucheka. "Alikuwa nani?"

Tangu siku ile uji ulimkwama Paskalina mwenyewe. Kija alikwisha kurudi dungu kumalizia mavuno, na kila mkokoteni ulipopita barabarani Paskalina aliingia ndani.

Asubuhi ya kurudisha kamera ilifika. Ofisini, Bwana Ponsiano alisukuma makaratasi pembeni na kuweka mikono mezani.

"Hakimu wa kamera ameingia. Haya, tuanze na uzuri."

"Uzuri wake, picha unaiona hapohapo," Paskalina alisema. "Ikiwa mbaya unarudia, husubiri filamu iishe wala ipelekwe kusafishwa. Ni nyepesi, naingiza mfukoni napanda baiskeli. Na watu wanaipenda. Mkulima akijiona kwenye kioo anakuonyesha shamba lote, na magugu yake."

"Vizuri. Ubaya?"

"Inakula betri kama mtoto na muwa. Juani kioo hakionekani. Picha inazobeba ni chache. Ukibonyeza inachelewa, na mtu hakusubiri; anageuka."

"Na zaidi?"

Hapo alipaswa kunyamaza. Lakini neno lilikuwa limemkaa mdomoni usiku kucha, akilifanyia mazoezi kwa ajili ya Kija, na likatoka lenyewe. "Inapoteza picha."

Bwana Ponsiano akainua nyusi. "Inapoteza? Yenyewe?"

"Mara moja. Nilipiga, nikaja kuangalia, haipo."

Kwenye meza ya pembeni Omega aliacha kugonga vitufe vya kompyuta. Akainamisha kichwa, akaanza tena kugonga, polepole, na Paskalina akahisi masikio yanawaka moto.

"Hilo ni kubwa kuliko mengine yote," alisema Bwana Ponsiano kwa masikitiko. "Mashine isiyoaminika hatuiagizi. Pole, Paskalina. Najua ulitarajia."

Akaitikia, "Asante, mzee," akatoka. Njiani alijiona kama mtu aliyemsingizia mtumishi wizi, mtumishi asiye na mdomo wa kujitetea. Na ajabu yake, uongo ulikubalika vizuri. Ungekubalika na kwa Kija.

Kija alikuja alasiri, amekonda, kiganja cha kulia kimechubuka kwa kamba ya kutishia ndege. Alileta kibaba cha mchele mpya. Stumai alikuwa chini, anapanga betri zilizokwisha kama ng'ombe zizini.

"Huu wa kwanza kupura, mama Stumai. Nimekuletea wewe kwanza. Wewe ndiye uliyemnywesha mama uji." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ndugu zangu wamefika. Kaka yangu ametengeneza mpaka fremu, ya mninga. Nimemwambia, subiri, picha iko kwa jirani."

Paskalina alipokea mchele kwa mikono miwili. Ulikuwa bado una joto la jua.

"Mama Masanja, ile kamera..." Akautazama mchele. "Kamera zile za kisasa zina ubaya wake. Wakati mwingine zina..."

Akamwona Stumai ameinua uso anamtazama, si kwa kumshitaki, kwa kusikiliza tu, kama anavyosikiliza hadithi anayoijua. Hadithi hii mtoto aliijua. Aliona kidole cha mama yake kikibonyeza, uwanjani, yeye mwenyewe akicheza.

Paskalina akauweka mchele mezani, akapiga magoti mbele ya Kija kama mtu anayesalimia mkwe.

"Kamera haina kosa. Ni mimi. Nilimfuta. Kamera ilijaa, nikataka kumpiga Stumai anacheza, nikafuta ya mama. Nilidhani negativi inabaki. Haibaki. Nimekuahidi kitu ambacho nilikuwa nimekwisha kukitupa."

Nje kuku alikuwa anaparua taka. Kija alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo.

"Ukachagua ya mama."

"Nikachagua ya mama."

"Kwa nini yake?"

"Ilikuwa haikutoka vizuri. Alikuwa amegeuka. Uso hauonekani wote." Machozi yalimshuka Paskalina na hakuyafuta. "Nisamehe, dada. Na ukishindwa, usinisamehe. Kesho narudi kwa Bwana Ponsiano nikamwambie kuwa mashine haikupoteza kitu. Habari ya fremu nitakwenda kumweleza kaka yako mimi mwenyewe, wewe usipate aibu."

"Aibu?" Kija akacheka kicheko kikavu. "Wewe ulimfuta kwenye kioo. Mimi nilimwacha mzimamzima nikaenda kuwakemea ndege. Kila usiku kule dungu najiuliza, alidhani nimemtupa? Nilitaka hiyo picha nimtazame machoni nijue kama alinikasirikia. Sasa nitajulia wapi?"

Paskalina alikuwa ameitazama picha ile mara moja tu, kwa jicho la mtu anayetafuta kasoro, akaiona kasoro, basi. Akainama, paji la uso likagusa magoti ya jirani yake, na Kija hakumsukuma wala hakumshika.

Stumai akasimama, betri mbili mkononi. Akamwendea Kija, akamgusa kiganja kile kilichochubuka, akasema kwa sauti, kama anavyojibu darasani:

"Bibi alisikia kengele ya ng'ombe, akageuka kuangalia kama ni wewe."