Mikono ya Athmani Siku ya Ushindi

Siku ya sikukuu ya ushindi wa vita, mwaka wa arobaini na sita, Swabaha alikaanga mahamri alfajiri, akayafunga kwenye kitambaa, kisha akambeba mwanawe, akatoka na mkwewe, Bi Mejumaa, kwenda Ngomeni kumchukua mumewe. Njia ya kutoka Bondeni ilikuwa imetundikwa bendera ndogondogo za karatasi. Mvua ya usiku ilikuwa imezilowesha, na rangi nyekundu ilikuwa ikichuruzika kwenye kuta za maduka.

Ngome wakati huo ilikuwa jela, na Athmani alikuwa amefungwa humo kwa wizi wa nguo za marekani. Alikuwa hamali katika ghala moja la Shimanzi. Majora ya nguo yalipopotea, msimamizi wa ghala, mzungu ambaye mahamali walimwita Bwana Miwani, alisema mahakamani kwamba aliiona kwa macho yake mikono ya Athmani ikiyabeba. Uso hakuuona, kulikuwa na giza. Hakimu aliona mikono inatosha, akamfunga miaka mitatu. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa ndani.

Askari jela Chirau alikuwa amesimama mlangoni.

"Sabalkheri, Bi Mejumaa."

"Sabalkheri, mwanangu. Nimekuja kumchukua Athmani akacheze."

"Ruhusa imetoka, lakini ni ya mikono tu. Timu ya Bondeni iliomba golikipa, nao wakubwa wakaona golikipa ni mikono. Mwenyewe abaki." Chirau alishusha sauti. "Irudi kabla ya magharibi. Isiporudi ataongezewa kifungo, tena atakitumikia bila mikono."

"Tumesikia," alisema Bi Mejumaa.

Mikono ikapenya ukutani, mahali palipobanduka chokaa, kuanzia ncha za vidole hadi kwenye viwiko. Ikakaa hewani pale ambapo ingekuwa lau mwenyewe angekuwapo. Bi Mejumaa aliushika mkono wa kulia, akaubusu, akaupapasa kifundo.

"Umekonda, mwanangu," alisema.

Swabaha alimnyanyua mtoto. Mikono ilirudi nyuma, ikajificha mahali ambapo pangekuwa na mgongo. Ilikuwa na sugu za kuvunja mawe, na kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Mshike," alisema Swabaha. "Ni wako."

Mikono haikusogea. Ni mtoto aliyenyoosha vidole, akakamata dole gumba, akalitia mdomoni. Baada ya hapo mikono ilimbeba asubuhi yote, na watu waliokutana nao waliupa mkono wa kulia salamu, wakapita.

Walitembea wakiitazama sikukuu. Walikwenda pwani kuziona meli zilizopambwa, wakasimama kando ya njia bendi ya askari ilipopita. Mkono wa kushoto uligusa kila kitu kilichokuwa karibu: nguzo ya taa, shingo ya punda wa muuza maji, shavu la Swabaha. Adhuhuri walipita karibu na mtaa wao. Swabaha alipunguza mwendo. Mlango wao ulikuwa na komeo la chuma, na ndani kulikuwa na kitanda na chakula cha siku kadhaa.

"Usifikiri hivyo," alisema Bi Mejumaa.

"Sijafikiri kitu, mama."

"Hiyo ni mikono. Mwanangu mwenyewe yuko kule."

Wakaendelea hadi uwanjani Makadara. Bondeni walikuwa wanacheza na timu ya ghala lile lile la Shimanzi. Wakubwa walikaa chini ya turubai: hakimu, Bwana Miwani, wake zao. Refa alimwita Jamaldin, nahodha wa Bondeni, akamuuliza kama golikipa wake ana viatu.

"Hana miguu," alijibu Jamaldin.

Refa aliridhika, akapuliza kipenga.

Timu ya ghala ilitambua mapema kwamba golikipa hana kifua cha kuzuia mpira. Wakawa wanapiga katikati kabisa, na bao la kwanza lilipita kati ya mikono miwili kama mtu apitavyo mlangoni. Bi Mejumaa alifumba macho. Mikono ikajifunza kukaa karibu karibu, na haikupitwa tena. Jamaldin alisawazisha, kisha dakika za mwisho akafunga la pili kwa kichwa. Mara refa akaipa timu ya ghala penalti. Bwana Miwani aliinuka kwenye kiti chake. Mpira ulipigwa kwa nguvu zote, juu, pembeni, na mikono ikaudaka, ikaukumbatia kwenye hewa tupu mpaka kipenga cha mwisho.

Washindi walipanga mstari kupeana mikono na wakubwa. Mikono ya Athmani ilikuja mwisho. Mkono wa kulia ulijinyoosha kwa hakimu, naye akaupokea na kuusifu. Ulipofika kwa Bwana Miwani ulimkamata, haukumwachia. Yeye alitabasamu, akavuta. Mkono wa kushoto ukaingia ndani ya mkono wa koti lake, ukatoka na ncha ya marekani.

Mikono ikaanza kuvuta. Nguo ilitoka kwenye koti jora baada ya jora, na chapa ya ghala juu yake, ikapita mbele ya miguu ya hakimu, ikafunika nyasi mpaka kwenye goli la mbali. Hakimu alisogeza kiti ili isikanyagwe. Watu walisimama wakitazama. Hatimaye nguo ilikwisha, na mkono ukamwachia.

Swabaha alimpa mkwewe mtoto, akaenda hadi mbele ya turubai.

"Bwana hakimu," alisema, "nguo ndiyo hiyo."

"Naiona," alisema hakimu.

"Basi mume wangu?"

"Leo ni sikukuu, mama. Mahakama imefungwa."

"Nitakuja kesho."

"Kesho mahakama itakuwa wazi, lakini kesi ile ilikwisha." Akamgeukia Bwana Miwani, akampa pongezi kwa kupatikana mali ya ghala. Mahamali waliitwa wakaikunja nguo, wakaipakia kwenye lori. Bwana Miwani alivaa kofia yake, akapanda mbele kwa dereva.

Walirudi Ngomeni jua likiwa limeinama. Mikono ilikuwa imembeba mtoto, naye alikuwa amelala. Mbele ya ukuta ikasimama, haikuingia.

"Bi Swabaha," alisema Chirau, "jua."

"Naliona."

Alimsubiri mkwewe amchukue mtoto, lakini Bi Mejumaa alikuwa ameuelekea ukuta, mgongo wake ukitikisika. Basi Swabaha alivifungua vidole mwenyewe, kimoja kimoja. Vilikuwa vimekaza, na kila alichokifungua kilijirudisha, naye akakifungua tena, mpaka mtoto akawa mikononi mwake.

Kifungo cha gauni la mtoto kilikuwa kimefunguka. Mikono ikakifunga, bila haraka, kisha ikapenya ukutani.

Chirau akachungulia ndani, akahesabu.

"Mmoja. Miwili," alisema. "Yuko kamili." Akafunga mlango.